Daftari Mama la Masharti ya Ujenzi
Katika mji wa Bukavu, uliojengwa kwenye miteremko inayoshuka hadi Ziwa Kivu na kutikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, usalama wa jengo huanza kwenye daftari la masharti, yaani maelezo yanayomfunga mjenzi kuhusu aina ya saruji, unene wa nondo na namna ya kumwaga zege. Katika kazi za serikali, zinazoongozwa na sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, masharti hayo huambatana na hati za zabuni.

Ofisi yenye miradi mingi hunufaika ikitunza daftari mama, yaani faili moja lenye masharti yote ya kawaida, ambamo kila mradi huchota yanayouhusu. Faili hilo linapaswa kupangwa kwa mitindo ya programu ya kuandikia, yaani amri zilizohifadhiwa zinazoamua sura na ngazi ya kila kichwa. Mitindo ikiunganishwa na namba zinazojipanga zenyewe, ibara inayofutwa haiachi pengo, na marejeo hurekebika yanaposasishwa, ilhali namba zilizoandikwa kwa mkono zaweza kumpeleka fundi kwenye sharti lisilohusika.

Kuhusu mpangilio wa masharti yenyewe, huko Marekani na Kanada mfumo wa kuyapanga uitwao MasterFormat, uliopanuliwa mwaka 2004 kutoka migawanyo 16 hadi 50, huweka zege katika mgawanyo wa 03. Ofisi za Bukavu zinaweza kufuata mpangilio mwingine, mradi uwe mmoja na wa kudumu, kwa kuwa sharti lisiloonekana kwa urahisi ni vigumu kutekelezwa.