Fidla Iliyomlainisha Sultani

Haya msomaji wangu, tuseme wewe ni bibi harusi wa leo, na unajua fika kwamba kesho alfajiri bwana harusi atakukata shingo. Utafanyaje? Utalia? Utaruka dirisha? Scheherazade wa Alfu Lela Ulela hakufanya hata kimoja. Alipiga stori. Ikinoga tu, anaikatiza. Sultani roho juu juu, anaghairi kumuua ili kesho amaliziwe. Ikawa hivyo usiku elfu moja na moja!

Kisa hicho ndicho alichokigeuza muziki Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov mwaka 1888. Na usilikimbie neno okestra. Hata mimi nilidhani muziki usio na maneno ni wa kusindikizia taarifa za misiba redioni, mpaka niliposikia rekodi ya 1960 ya Chicago Symphony Orchestra, chini ya Fritz Reiner.

Anaanza kuingia Sultani: tarumbeta nene za sauti ya chini, kanuna huyo! Halafu inatoka fidla moja tu, nyembamba, na kinubi pembeni. Ndiye bibie, anaanza hadithi. Mpigaji ni Sidney Harth, na wala hana haraka, utadhani anamnong'oneza mtu sikioni.

Kuanzia hapo ni safari: Sindibadi baharini, mwana wa mfalme na binti mfalme, sikukuu ya Baghdad, jahazi kuvunjika mwambani. Na bahari mtunzi hakuisikia kwa watu. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Urusi, na kati ya 1862 na 1865 meli ilimfikisha New York na Rio de Janeiro.

Sasa dakika za mwisho, tafadhali usizime! Sultani anarudi na wimbo wake ule ule, ila safari hii kwa upole, chini chini, kama mtu anayesinzia. Fidla inapanda juu, juu zaidi, inatulia hukohuko. Shingo imepona.

Sisi vijana wa mjini tunadhani mwenye spika kubwa ndiye anayesikika. Bibie alikuwa na fidla moja tu, na tarumbeta zote zikanywea.

Ni kama dakika 45. Ukiziona nyingi, mkumbuke mwenzio aliyekesha usiku elfu moja na moja.