Haidrojeni Haijifichi Mbele ya Waya wa Moto

Mwalimu wa kemia wa Milola, mkoani Lindi, ameniandikia swali zuri. Ametengeneza kifaa cha elektrolisisi ya maji kwa paneli ya sola, gesi zinapanda kwenye mirija miwili, na wanafunzi wake wamelizoea jaribio la kijiti: huku kinalia "pop", kule kaa lake linawaka upya. Sasa wanataka namba. Akaagiza kihisi cha haidrojeni kutoka Kariakoo, aina ya MQ-8, akakiweka kwenye mdomo wa mrija. Namba ikapanda hadi mwisho, ikaganda. Anauliza: kimeharibika, au ameuziwa feki?

Mwalimu, kihisi chako ni kizima. Kimepewa kazi isiyo yake tu. (Naandika kihisi. Mafundi husema sensa, lakini neno hilo tumeshalipa kazi ya kuhesabu watu na makazi, na sioni sababu ya kulibebesha mzigo wa pili.)

MQ-8 imeundwa kunusa haidrojeni iliyovuja hewani, kuanzia sehemu 100 hadi 10,000 kwa milioni. Yaani mwisho wake ni asilimia 1, na mrija wako una karibu asilimia 100. Tena oksidi ya bati iliyomo ndani yake hutegemea oksijeni ya hewani iliyojishikiza juu yake. Haidrojeni ikija huiondoa oksijeni hiyo, umeme unapita kwa urahisi, namba inapanda. Hewa ikikosekana, hesabu yote inavurugika. Wapo ndugu zake wanaotumika migodini, vihisi vya shanga yenye kichocheo, ambavyo huichoma gesi na kupima joto linalotokea. Hivyo ni hatari zaidi kwa kazi yako, kwa sababu bila oksijeni vinaweza kusoma sifuri huku vimezama ndani ya haidrojeni tupu. Mahali pa MQ-8 ni juu ya meza ya maabara, karibu na dari, ipige kelele kabla haidrojeni haijafika asilimia 4 hewani, kiwango inachoanza kushika moto.

Vipi kuhusu kupima kwa mwanga? Jirani zetu wa Kilwa wana gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974, na hiyo ni methani, ambayo hupimwa vizuri kwa mwanga wa infraredi kwa kuwa huufyonza. Haidrojeni na oksijeni haziufyonzi mwanga huo. Njia hiyo imefungwa.

Inabaki njia ninayoipenda kuliko zote: waya wa moto. Chukua waya mwembamba wa platini, uweke ndani ya chemba ndogo, upitishe umeme wa kuupasha joto kiasi. Joto litatoka kwenye waya, lipite katika gesi, lifike ukutani. Ni hivyo tu, na humo ndani mna jibu.

Fikiria ghala la korosho wakati wa msimu. Magunia yanaingia kwa mlango wa nyuma kwa kasi ileile kutwa nzima. Huo ndio umeme unaopasha waya. Wachukuzi wanayatoa kwa mlango wa mbele kupeleka kwenye lori. Hao ni molekuli za gesi, na lori ni ukuta wa chemba. Kila mchukuzi, mzito kwa mwepesi, anabeba gunia moja, kwa sababu katika joto moja molekuli za gesi zote huwa na wastani uleule wa nishati ya mwendo. Tofauti iko miguuni. Molekuli ya oksijeni ina uzito mara 16 wa ile ya haidrojeni, kwa hiyo haidrojeni hukimbia mara 4 zaidi, karibu mita 1,800 kwa sekunde. Isitoshe ni nyembamba, inapenya mbali kabla ya kugongana na mwenzake, wakati oksijeni inasukumana njia nzima. Timu ya oksijeni ikiwa kazini, magunia yanarundikana. Ikiingia timu ya haidrojeni, sakafu inaonekana. Msimamizi hana haja ya kuwatazama wachukuzi usoni: achungulie kimo cha rundo, atajua ni akina nani wapo, na wakichanganyika atajua ni kwa kiasi gani.

Kimo cha rundo ni joto la waya. Haidrojeni hupitisha joto karibu mara 7 kuliko oksijeni au hewa, hivyo waya hupoa, na ukinzani wa platini hushuka kadiri inavyopoa. Waya wa pili hufungiwa ndani ya hewa kando yake, na zote mbili huunganishwa kwenye daraja la Wheatstone, ili joto la mchana wa Lindi liziguse zote sawasawa na kujifuta. Kipimo chenyewe hakitegemei kuchoma kitu wala hakihitaji oksijeni. G. A. Shakespear wa Birmingham alikiunda kifaa hiki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, enzi za ndege za puto zilizojazwa haidrojeni. Siku hizi huchongwa juu ya silikoni yenye upana wa milimita chache. Gesi inayoweza kukihadaa ni heli, kama ile iliyotangazwa Rukwa mwaka 2016, na hiyo haitoki kwenye maji yako.

Uzuri wake kwa elektrolisisi ni kwamba gesi ni mbili tu. Ukijua asilimia ya moja, ya pili unaitoa kwenye mia, mradi umekausha mvuke kwa kupitisha gesi kwenye mrija wa kloridi ya kalsiamu. Ukitaka oksijeni iwe na kihisi chake, tafuta cha kielektrokemia chenye risasi, cha asilimia 0 hadi 100, aina inayotumika kwenye mashine za nusu kaputi. Kinaishi miaka miwili hivi. Kihisi cha oksijeni cha bomba la moshi la gari kiache dukani: hufanya kazi kikiwa na moto wa nyuzi mamia kadhaa, na haidrojeni ndani ya oksijeni hulipuka kuanzia asilimia 4 hadi zaidi ya 90. Kwa sababu hiyohiyo waya wako usipashwe sana: platini tupu inaweza kuuwasha mchanganyiko huo hata kabla ya kuwa nyekundu.

Wingi wa gesi hauhitaji kihisi. Faraday alishatupa kanuni mwaka 1834: ampea 1 kwa saa 1 hutoa takribani lita 0.46 za haidrojeni katika joto la pwani, na nusu yake oksijeni. Soma ammita, kisha linganisha na mrija. Pengo likiwa kubwa, tafuta panapovuja.

Na tafadhali usitie chumvi kwenye maji, ingawa pwani yetu imejaa mashamba yake. Upande wa oksijeni utatoa klorini, itakayowaumiza wanafunzi mapafu. Tumia soda kaustiki kidogo, uvae miwani.