Umeme wa LUKU: nani alipie balbu?

Katika nyumba nyingi za kupanga mjini Mpanda, kuanzia Makanyagio hadi Nsemulwa, wapangaji kadhaa huchangia mita moja ya LUKU. Uniti zikiisha, lawama huanza. Katika makala haya tunaangalia jinsi ya kupunguza gharama hiyo, na fedha za kufanya hivyo zinaweza kutoka wapi.

Tuanze na bei. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Wa kundi T1 hulipa shilingi 292. Ukijumlisha VAT na tozo, ni kama shilingi 122 na 356.

Chukua mfano wa nyumba ya T1 inayotumia uniti 90 kwa mwezi. Ina balbu tano za zamani za wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku. Balbu hizo pekee hula uniti 45. Zikiwekwa za LED za wati 9, zitakula uniti 7 hivi. Matumizi ya nyumba yanashuka hadi uniti 52, na gharama inashuka kutoka shilingi 32,000 hadi 18,500. Matumizi yakibaki chini ya 75, mteja anaweza kuiomba TANESCO imrudishe D1, ambako angelipa kama 6,300.

Kikwazo ni nani atoe fedha ya kwanza. Mwenye nyumba hanunui umeme, na mpangaji hataki kukarabati nyumba isiyo yake. Balbu atahama nayo, lakini dari ya kupunguza joto la bati ataiacha. Hata kwenye zahanati na shule, fedha za LUKU na za ukarabati mara nyingi hutoka mafungu tofauti.

Zipo njia. Mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kuandikiana gharama ikatwe kwenye kodi ya pango. Kikundi cha VICOBA kinaweza kukopesha, na marejesho yakatoka kwenye fedha iliyookolewa. Mikopo kama hiyo ingeweza pia kukatwa kidogo kidogo kupitia LUKU, kama inavyokatwa kodi ya jengo tangu 2021.

Ushauri wetu: anzeni na balbu. Fedha mtakayookoa iwe akiba ya dari.