Maandiko ya kuuzisha mara mingi: batoto yetu wanapata nini ndani yake?

Tangu miezi fulani, wazazi wanaofika ku biro ya sendika hawaulizi paka mambo ya mushahara na prime. Wanauliza neno lingine: "Mutoto anasema anapataka feza kwa kuandika mu ordinatere. Anaandika makala moja, anaiuzisha kwa watu kumi. Ile ni kazi ao ni bwizi?" Baba mmoja wa Katuba aliuliza, mama wa Ruashi aliuliza. Na mwenzetu aliyetoka kazini juzi, dekonti yake mukononi, anataka kununua mashini, plake ya jua na mega ya mwaka muzima kwa mwana wake aliyemaliza masomo na hajapata kazi. Dekonti inatokaka mara moja tu. Ni juu ya huyu mwenzetu tumeona vema kueleza hii mambo hapa, pole pole.

Kwanza, kazi iko. Mwenye kuuzisha dawa ya ngozi, mwenye kupangisha nyumba, mwenye kufundisha watu kupunguza kilo: wote wako na ukurasa wao mu intaneti, na ukurasa unalomba maandiko kila juma. Wengi hawajui kuandika, ao hawana wakati. Basi wananunua. Njia ya kawaida ni komande: mununuzi anasema anataka maneno 500 juu ya namna ya kuchagua kitanda cha mutoto, unaandika, anakulipa, inakuwa yake. Njia ya pili njo ile batoto wanatuelezea. Unaandika mbele, mununuzi hajaonekana bado. Unaweka makala ku soko, na kila anayeipenda anabeba. Anaweza kufuta hapa, kuongeza pale, kuweka jina lake chini. Kesho mwingine anabeba ile ile. Na wengine wananunua hata haki ya kuiuzisha tena kwa watu wao.

Kwa sisi watu wa mine, hii inashangaza. Mufuko wa malachite ukiuzisha, umekwenda. Unabaki na shimo. Hapa unauzisha asubuhi, na mangaribi kitu kiko kwako bado. Tunaelewa kwa nini vijana wanapenda.

Lakini Lubumbashi haikungojea intaneti kwa kujua biashara ya kitu kimoja kwa watu wengi. Wazee wanakumbuka musanii Tshibumba Kanda Matulu, muzaliwa wa muji huu, 1947, wakati uliitwa Elisabethville. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wanachora na kuuzisha tablo kwa watu wa cité, na tablo ya "Colonie belge", ile ya mufungwa anayepigwa fimbo, ilikuwa ku ukuta wa nyumba mingi. Ilikuwa picha moja ikirudiliwa, na hakuna aliyesema ni bwizi. Tofauti ni kwamba kila tablo ililomba kitambaa, rangi na siku ya mukono wake. Makala ya intaneti, nakala ya pili hailombi kitu. Njo maana bei yake inaanguka mbio.

Sasa tufike pale feza inapotea. Kuna haki tatu, na mutoto asiyezitenganisha atalia. Ya kwanza: mununuzi anapata ruhusa ya kutumia tu, kwenye ukurasa wake, basi. Ya pili: anachukua yote, wewe huna tena haki ya kuigusa. Ya tatu: anatumia na anaweza kuiuzisha tena. Tufanye hesabu ya mufano. Makala inakula masaa 3. Ukiuzisha yote, tuseme unapata dola 12. Ukiuzisha ruhusa ya kutumia kwa dola 2, unahitaji wanunuzi 6 ili ufike pale pale, na ni wa saba anayekuletea faida. Vizuri. Lakini kama mununuzi wa tatu ulimupa haki ya kuuzisha tena, yeye anaifunga pamoja na zingine 20 na anatembeza fungu zima kwa bei ya chakula. Yule wa saba hatafika kwako kamwe, ataipata kwake. Umejitengenezea mushindani, na wewe mwenyewe ulimupa bidhaa.

Wachimbaji wa mukono wanajua hii shida kwa jina lingine. Ukileta mufuko ku depo, mununuzi anapima teneur na Metorex yake, na ni yeye anayesoma namba. Wewe unaambiwa. Mu biashara ya maandiko pia kuna masoko ambapo ni mununuzi anayepima: anaweza kusema makala haifai, anaikataa, halipi, lakini amekwisha kuisoma. Kama anaiweka kwake baada ya kubadilisha maneno mawili, nani atamufuata mupaka Ulaya?

Wale waliotutangulia ni majirani wetu wa Kenya. (Hapana commune Kenya ya hapa kwetu, inchi ya Kenya.) Kule Nairobi vijana wengi waliosoma universite waliingia mu kazi hii kwa Kiingereza tangu zamani. Wanaandika makala ya ukurasa za Marekani, lakini kilicholeta feza sana ni kuandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kazi zao za masomo. Mu 2019 gazeti la New York Times liliandika juu yao. Mu 2024 kulitoka filme, The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, profesere wa Oxford na muzaliwa wa Kenya, anakwenda kuwatafuta. Mwandishi anabaki na dola kidogo, mwanafunzi anabaki na diploma. Uingereza ilitoa sheria mu 2022 inayokataza kuuzisha kazi hizi kwa wanafunzi wa England. Kisha, tarehe 30 novemba 2022, ChatGPT ikatoka, mashini inayoandika yenyewe, na komande zikaanza kupungua kwa watu wale wale. Kwa Kifaransa, ni Antananarivo, kule Madagascar, ambako wanaandikia ukurasa za Ufaransa tangu miaka mingi. Mutoto wa Lubumbashi anayeanza leo anaingia ku soko yenye wenyeji na yenye mashini.

Na Google nayo haipendi maandiko ya kurudilia. Februari 2011 ilibadilisha namna yake ya kupanga ukurasa, wakaiita Panda, na wale waliojaza intaneti na makala nyepesi walishuka chini kwa siku chache. Machi 2024 ilipiga tena wale wanaotoa maandiko kwa wingi bila faida kwa musomaji, ikiwa mutu ao mashini ndiye aliyeandika. Sasa fikiri: watu 30 wakinunua makala moja na kila mmoja anaiweka vile ilivyo, Google itaona kitu kimoja mara 30, na wengi wao hawataonekana. Mununuzi mwenye akili anajua hii. Njo maana makala ya kurudilia inalipwa kidogo kuliko ile ya mununuzi mumoja, na mutoto asidanganyike na ile "mara kumi".

Kuna jambo lingine la kwetu wenyewe, na hapa hatutasema kwa upole. Maandiko tayari ya kuuzisha yako hapa Lubumbashi tangu zamani, mu vile vibanda vya kupiga mashini na fotokopi. TFC ya mwaka jana inabadilishwa jina la mwanafunzi, jina la kampuni, tarehe, na iko mupya. Sisi wa mine tumeonaka kazi juu ya usalama wa chini ya udongo ambamo jina la mine lilibadilishwa ku ukurasa wa kwanza na kusahauliwa mu chapita ya tatu. Mwenye ile karatasi anaweza kufika kwetu kesho kama ajenti wa usalama. Ni yeye atasema kama plafo inashikilia ao haishikilii, na chini yake kuna baba wa mutu. Kuuzisha makala juu ya kitanda cha mutoto kwa watu kumi ni biashara. Kuuzisha TFC kwa watu kumi ni kutia wenzetu mu hatari. Mutoto akileta feza ya ile nyumbani, mumuulize.

Kwa makala za haki, sheria iko. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 inahesabu maandiko kati ya vitu vinavyolindwa mu inchi yetu. Inasaidia kwa mununuzi wa hapa. Kwa yule wa mbali, kinga ya kwanza ni karatasi. Na ni hapa sendika inaingia. Tarehe 1 mei 2023, kule Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaosafisha na kuchunga vitu vya kampuni kubwa za intaneti walikutana na kupiga kura ya kuunda sendika yao. Mu januari ya mwaka ule gazeti la TIME lilikuwa limeonyesha kwamba kuna waliofundisha mashini ya ChatGPT kule kwa dola kati ya 1,32 na 2 kwa saa. Hawakuwa na mine wala fonderi, kila mutu na skrini yake, na bado walikutana. Vijana wetu wanaoandika, kila mumoja mu chumba chake, hawajui hata bei ambayo mwenzake wa avenue ya pili anapata. Waje ku biro yetu siku ya posho, tutawapa sale na viti.

Mwenzetu wa dekonti, tulimujibu hivi. Asinunue mashini kwanza. Mutoto atumie mashini ya mukopo ao ya siber miezi mitatu, aandike makala kumi, tuone ngapi zimeuzika. Asilipe mutu anayesema atamufundisha siri kwa dola 50. Anayejua siri ya kweli angekuwa anaandika, hangekuwa anatafuta wanafunzi. Aandike juu ya kitu anachojua na mashini haijui vizuri: bei ya mahindi ku Kasumbalesa, namna ya kutengeneza pompe ya maji, maisha ya cité. Asitoe haki ya kuuzisha tena, hata kwa dola 5 zaidi, isipokuwa makala imekwisha kuzaa. Na afungue kaye yenye mistari mitano: tarehe, kichwa cha makala, nani alinunua, haki gani, feza ngapi. Mustari wa tano asiuandike mupaka feza ifike ku simu yake, ikiwa imekatwa vyote vinavyokatwa njiani.