Githeri ya Nakuru Huchemkia Nyuzi 94

Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Nakuru hayafiki huko. Mji huu umekaa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja, maana hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi maji kama ya pwani. Sufuria iliyobandikwa katika mitaa ya Lanet au Section 58 hutokota kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Panda Molo, mita 2,500 kwenda juu, na uko chini ya 92. Hata ukichochea moto mpaka mfuniko urukeruke, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka haraka tu.

Anayepika chai hana habari na tofauti hiyo. Anayepika githeri jioni ili kesho aibebe kazini anaijua, hata kama hajawahi kuipa jina: anailipia kwa makaa, kwa gesi na kwa usingizi. Ndiyo maana wengi wa wanaokula mchana mjini Nakuru, kuanzia wauzaji wa maduka ya Kenyatta Avenue hadi mafundi wa gereji, hufungua mkebe uliopikwa jana yake. Githeri si chakula cha kuamka nacho alfajiri.

Ni chakula chepesi kukieleza: mahindi na maharagwe yachemshwe pamoja mpaka yaive, kisha yakaangwe kwa kitunguu, nyanya na chumvi, pengine na viazi au karoti. Watanzania wana makande yao, Waluo wana nyoyo. Wapo wanaokidharau kwa sababu walilishwa miaka minne mfululizo katika shule ya bweni, na siwalaumu sana. Lakini kwa hesabu ya lishe, mkebe huo unawashinda washindani wake wengi. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, moja ya zile asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana lisini tele, ila yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Mimea yote miwili asili yake ni Amerika, na wakulima wa huko waliipanda katika shamba moja muda mrefu kabla ya punje ya kwanza ya mahindi kufika pwani yetu na meli za Wareno.

Sasa turudi kwenye sufuria. Kinacholifanya haragwe kuwa gumu si ganda lake tu. Chembe zake zimeshikamanishwa na pektini, ambayo ni utomvu uleule unaogandisha jemu, na pektini nayo imefungwa kwa madini ya kalsiamu na magnesiamu. Kuiva maana yake ni utomvu huo kulegea hadi chembe zikaachana na haragwe likapondeka ulimini. Kazi hiyo inategemea joto sana: punguza nyuzi sita na inakwenda polepole mno. Umri wa haragwe nao una neno. Yakikaa ghalani miezi mingi penye joto na unyevu, kemikali ndani yake hubadilika, madini huzidi kuikaza pektini, na mwishowe unanunua gorogoro ya maharagwe yanayotokota tangu adhuhuri hadi magharibi na bado yanagonga jino. Muuzaji akikuapia kwamba ni ya msimu huu, lipime neno lake kwa kupika machache kwanza.

Wazee walikuwa na jibu lao, nalo ni magadi. Bonde la Ufa limejaa chumvi hiyo. Ziwa Magadi, kusini kabisa, limekuwa likichimbwa kibiashara tangu mwaka 1911. Kijiko kidogo kikitiwa sufuriani hufanya kazi mbili. Sodiamu yake huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini, na uchungu wake wa alkali huikata pektini yenyewe vipande vipande. Maharagwe yanalainika upesi ajabu. Nyanya na limau hufanya kinyume chake, na ndiyo sababu mpishi mzoefu hatii nyanya kabla maharagwe hayajaiva.

Ila magadi yanatoza. Alkali huharibu vitamini B1, ambayo maharagwe yamebarikiwa nayo, na magadi ya asili mara nyingi huja na floraidi. Katika sehemu nyingine za dunia tungeweza kulipuuza hilo la pili. Nakuru haiwezekani.

Maji ya visima virefu vya eneo hili yamepita katika miamba ya volkano, yakachukua sodiamu, bikaboneti na floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka kiwango hicho, vingine kwa mbali. Matokeo yake tunayaona kwenye tabasamu za wenyeji: meno yenye madoa ya kahawia, ambayo hutokea mtoto anapokunywa floraidi nyingi wakati meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hufika hadi kwenye mifupa.

Hapa ndipo githeri inapokuwa jambo la maji kuliko la mahindi. Watu wengi huamini kwamba kuchemsha husafisha kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukiongeza maji, yakapungua tena, ukaongeza tena, kama githeri inavyodai, umekuwa ukiikusanya floraidi ndani ya sufuria, na mahindi na maharagwe yananyonya maji hayohayo. Ajabu ni kwamba maji ya kisima, kwa kuwa yana bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, huweza kuyalainisha maharagwe haraka. Mpishi atayasifu na kuyarudia.

Mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulipata umaarufu kwa kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa kuwa chembechembe, na maji yakipitishwa humo floraidi hunaswa. Madini yanayoinasa ni ya jamaa moja na madini ya jino. Kile kinachoifanya floraidi ing'ang'anie meno ya mtoto ndicho kinachoifanya ing'ang'anie mfupa uliochomwa.

Asiye na kichujio ana mvua. Maji ya paa yaliyovunwa kwenye tangi karibu hayana floraidi yoyote, na vilevile hayana kalsiamu ya kuikaza pektini. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maji bora ya githeri katika nchi hii ya juu, na ni vibaya kuyamalizia kwenye kufua. Vumbi na kinyesi cha ndege havikosekani juu ya bati, basi mvua ya kwanza ya msimu iache ipite. Kinachobaki, moto wa githeri utakishughulikia.

Ukiacha maji hayo, njia ya pili ya kushinda nyuzi 94 ni kufunga mvuke. Sufuria ya presha huongeza mgandamizo ndani yake hadi maji yakapita nyuzi 110 hata Nakuru, na maharagwe yaliyoloweshwa usiku huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Bei yake inatisha mwanzoni, lakini anayepika githeri kila wiki kwa gesi ataiona ikirudi.

Ya tatu ni kikapu kisicho na moto, kile kilichosheheni vitambaa au sponji, ambamo sufuria iliyochemka hufunikwa ikaendelea kujipika kwa joto lake. Nakipenda, lakini kina sharti moja lisilojadiliwa. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini. Machache tu yasiyoiva hutosha kumtapisha mtu mzima. Kuchemka kwa nguvu huiangamiza. Joto la vuguvugu haliwezi, na maharagwe yaliyopashwa joto hadi nyuzi 80 hivi huweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Basi yaloweshwe, maji yamwagwe, yachemke kwa nguvu si chini ya nusu saa mekoni, na huku juu muda uongezwe kidogo, ndipo yaingie kikapuni.

Kulowesha kwenyewe kuna faida ambayo wenzako ofisini watakushukuru. Maharagwe yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo wetu mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzisaga. Zinashuka nzima hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wanazifurahia, na gesi inayotokana na karamu yao inajulikana na yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa saa nane mchana. Ukimwaga maji ya kuloweshea, umemwaga sehemu ya sukari hizo. Watafiti nao wamelishughulikia upande wa mbegu: Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kimetoa aina za maharagwe kama Chelalang, Tasha na Ciankui, na taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina Nyota, linalosifiwa kwa kuiva haraka na kuwa na madini ya chuma na zinki kwa wingi.

Mshindani mkubwa wa githeri ni mkate. Vipande viwili, parachichi lililopondwa katikati, chumvi, umemaliza. Siri ya wepesi wake ni kwamba moto ulikwishalipiwa na mwoka mikate. Kwa mtu aliyerudi nyumbani saa mbili usiku hiyo si hoja ndogo, na parachichi ni chaguo zuri kuliko majarini.

Kwa kweli parachichi lingefaa zaidi kando ya githeri, pamoja na kachumbari. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walichapisha jaribio lao: waliwalisha watu salsa, ambayo ni kachumbari ya Kimeksiko, mara bila parachichi na mara likiwemo. Likiwemo, likopeni ya nyanya iliyoingia kwenye damu iliongezeka zaidi ya mara nne, na betakarotini zaidi ya mara mbili. Rangi hizo huyeyuka kwenye mafuta. Bila mafuta, nyingi hupita tu. Wauza githeri wanaokuwekea kipande cha parachichi juu ya sahani hawakusoma jarida hilo, lakini mkono wao uko sawa.

Nyanya mbichi, dhania na limau vina kazi nyingine pia. Chuma cha maharagwe ni kigumu kufyonzwa kwa sababu ya faiteti, kemikali inayokishika utumboni. Vitamini C inakikomboa, mradi iliwe katika mlo uleule. Ibebe kachumbari kwenye mkebe wake mdogo, bila chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na kitunguu, na ukiitia alfajiri utafungua supu saa saba.

Kuhusu kubeba: githeri iliyopikwa usiku isilale mekoni kwenye sufuria kubwa. Baadhi ya mbegu za bakteria hustahimili kuchemka, na huzaana chakula kinapokaa masaa mengi kati ya moto na baridi. Itandaze kwenye chombo kipana ipoe haraka, iwe frijini kama ipo, asubuhi uichemshe upya hadi itokote, kisha uitie kwenye chupa pana ya kuhifadhi joto ikiwa motomoto. Mfuko wa plastiki, ule aliopigwa nao picha mpiga kura mmoja wa Nairobi akila githeri foleni tarehe 8 Agosti 2017, ulipigwa marufuku nchini wiki tatu baadaye, na haukuwahi kuwa chombo kizuri cha chakula cha moto.

Halafu kuna chai. Mkenya akishamaliza sahani hutafuta kikombe, na majani ya chai yana tanini, ambazo nazo hukishika chuma kama faiteti. Kikombe kikinywewa pamoja na mlo wa mimea huweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Maziwa hayaokoi hali. Ukila saa saba, chai ya saa tisa haitaigusa githeri yako. Kwa msichana au mama anayepoteza damu kila mwezi, saa hizo mbili zina uzito kuliko aina ya maharagwe aliyonunua.