Reli ya Mezani na Mambo ya Kandoni Mwake

Kuunda garimoshi dogo la kutembea juu ya meza ni mchezo mkongwe huko Uingereza na Ujerumani, na wenyewe wameufikisha kwenye daraja ya sanaa, yenye vipimo vyake na mabishano yake. Kwetu si wengi waujuao kwa namna hiyo. Walakin msomaji asidhani ni jambo geni kabisa, maana ni mtoto gani wa bara asiyewahi kuunda gari la waya na makopo?

Kule Kalamba, Makueni, nimemwona fundi seremala aliyetandaza reli juu ya ubao wenye upana wa mlango. Reli yenyewe haipiti Kalamba. Iliyo jirani ni ile ya Emali. Juu ya ubao ameweka mfano wa garimoshi la aina ya 59, yale yaliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, 34 kwa jumla, kila moja likapewa jina la mlima. Garimoshi la kweli lilikuwa na urefu wa mita 31 na kitu na uzito wa tani 252. Kwa kipimo cha fundi, yaani moja kwa 87, limekuwa sentimita 36.

Zuri ni zuri. Lakini mimi nililokodolea macho ni vumbi la kando.

Naam, vumbi. Garimoshi halina haraka: moja ya aina hiyo, 5918 Mount Gelai, limo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na atakaye kulipima aende na futi yake. Mambo ya kandoni hayana makumbusho. Tangu reli mpya ianze kupakia abiria, tarehe 31 Mei 2017, stesheni nyingi za reli kongwe zimebaki bila msafiri. Zile kelele za dirishani za wauza matunda, kettle za chai zilizokimbizwa sambamba na mabehewa, atazisimulia nani baada ya miaka thelathini? Ndiyo maana nasema mwenye mchezo huu ana amana mkononi, apende asipende.

Basi na atazame vizuri. Wengi hupaka mataruma rangi ya mbao kwa sababu vitabu vya Ulaya vinasema hivyo. Reli yetu ya zamani kwa muda mrefu imelala juu ya mataruma ya chuma, kwani ya mbao ni karamu ya mchwa. Rangi yake ni ya kutu na mafuta yaliyodondoka. Reli mpya ndiyo yenye mataruma ya zege, nayo imeinuliwa juu ya tuta na madaraja marefu. Atakayeziweka zote mbili ubaoni akumbuke kwamba haziko sawa upana: ya zamani ni mita moja, mpya ni milimita 1,435. Kwa kipimo cha fundi wetu, ya kwanza yakaribia milimita 12 na ya pili 16 na nusu. Tofauti hiyo ndogo macho huiona mara moja.

Udongo usinunuliwe. Fundi amechota wa hapo hapo Kalamba, akauchekecha kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, akaumwagia gundi iliyozimuliwa kwa maji. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa ndogo ndogo na kuchovywa katika chai ya rangi. Bati la paa ni karatasi laini ya aluminiamu iliyokandamizwa juu ya meno ya kichana. Mbuyu wa mita 15 huwa sentimita 17: waya zilizosokotwa, zikavikwa karatasi na gundi, shina nene hata lichekeshe. Hapa pana mtego. Mbuyu huvaa majani wakati wa mvua tu. Ukiuacha uchi, basi na nyasi ziwe kavu na mtaro uwe na nyufa. Ukiuvika majani, weka na madimbwi. Mwenye kuchanganya Agosti na Desemba juu ya ubao mmoja amesema uongo.

Na Ukambani haijakamilika bila mizinga ya nyuki. Vijiti vya sentimita moja, vimening'inizwa matawini. Nilipoviona nilijua niko wapi kabla ya kusoma jina la stesheni.

Ikabaki habari ya watu. Fundi hakuweka hata mmoja, nami nikafurahi kwa sababu zangu. Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni twaijua kauli ya Ibn Abbas, radhi za Mungu ziwe juu yake, kwa yule aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza sura: kama huna budi, basi tengeneza miti na visivyo na roho. Juu ya vinyago vya watoto masheikh wana kauli zaidi ya moja, nami nawaachia wenyewe. Ninalosema ni kwamba mwenye kutaka kuepuka hana upungufu wowote. Watu wa stesheni waonekana kwa vitu vyao. Kiondo kilichoegemezwa ukutani. Benchi lililochakaa katikati, si pembeni. Njia ya miguu inayokata reli mahali pasiporuhusiwa.

Nyuma ya nyumba ya stesheni master palikuwa na kamba imeanikwa kanga. Kanga kwa kipimo kile ni sentimita 1 na nukta 3 kwa 1 na nukta 7, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Nikamwambia, "Fundi, kanga bila jina kwetu Pwani ni kitambaa tu." Akanijibu, "Mzee, jina halitasomeka." Kisha akachukua brashi ya nywele tatu nne, akashikilia pumzi, akaweka mstari wa vitone vyeusi pale hasa jina linapokaa.