Gundi Iletayo Maumivu

Mwenzetu aliyepona jeraha akilalamika kwamba hata shuka likimgusa linamchoma, wengi humwita mvivu. La, hasha! Mwaka 1856 daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alizipa chembe zizungukazo mishipa ya fahamu jina la glia, yaani gundi, kana kwamba kazi yao ni kushikiza tu. Kumbe mshipa ukiumia, baadhi ya glia ndani ya uti wa mgongo huamka, zikatoa kemikali zichocheazo mishipa. Mguso mwepesi ukafika ubongoni kama moto. Mwaka 2003 wataalamu wa Japani na Kanada waliziba mlango mmoja wa chembe hizo katika panya walioumizwa mshipa. Uchungu wa kuguswa ukapungua, ingawa mshipa wenyewe haukutibiwa.